Mshale Uliokaa Penye Kavu

Jumatatu, 10 Machi 1947

Nimegonga kioo cha kipimahewa, nikasoma, nikaandika. Mshale uko penye neno la Kizungu ambalo Meneja alinitafsiria: Kavu Kabisa. Umeshuka kidogo tangu jana. Nimeruhusu nyuzi za mkonge zianikwe.

Meneja alikuja na chombo hiki mwezi uliopita kutoka shamba lake la kahawa, milimani Kwashemshi. Hewa ikiwa nzito, mshale hupanda na mvua hukaa mbali. Ikiwa nyepesi, hushuka na mawingu hufuata. Hapa Korogwe hakuna karani mwingine mwenye kazi hii. Najivuna, sikatai.

Jumatano, 12 Machi

Umeshuka tena. Bado Kavu Kabisa. Joto la kuudhi.

Habari kutoka Kwaluguru: mama mkwe hajiwezi, na chakula hana. Mke wangu anataka kumpelekea unga.

Alhamisi, 13 Machi

Umeshuka zaidi ya jana. Neno ni lile lile.

Mke wangu alikuwa mlangoni, anatazama chini. "Baba Zaina, sisimizi wanahama na mayai yao, mvua yaja. Ningoje siku mbili."

Nilimcheka. Nikamwambia huenda mama yake hana hizo siku mbili, na kwamba chombo cha shaba hakibahatishi kama wadudu. Akafunga unga. Ameondoka na jirani yetu, Bi Tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu adhuhuri, ya kumwaga. Nyuzi zote zimelowa. Meneja amefoka mbele ya watu. Sijali nyuzi.

Karibu na Kwaluguru kuna korongo, siku zote ni mchanga mtupu. Leo ndiyo siku yao ya kulivuka. Naogopa.

Jumapili, 16 Machi

Bi Tatu amerudi peke yake.

Maji yalikuja ghafla, wakiwa katikati. Mke wangu alikuwa na unga kichwani, hakutaka kuutupa.

Jumanne, 18 Machi

Tumempata amenaswa kwenye mizizi ya mgunga. Tumemzika Kwaluguru. Mama mkwe yu hai. Alinishika mkono, hakuuliza kitu. Heri angenitukana.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi kazini. Meneja amegeuza skrubu nyuma ya chombo, mara mbili tatu, basi. Kumbe kilirekebishwa kwa hewa nyepesi ya milimani. Huku bondeni hewa ni nzito zaidi, mshale unakaa juu kuwe na jua au mvua. Maneno si kitu, anasema, tazama mwendo. Alidhani nafahamu.

Mwendo niliuandika mwenyewe. Umeshuka. Umeshuka tena. Umeshuka zaidi ya jana. Hati yangu nzuri, haina hata neno moja lililofutwa. Najichukia.

Alhamisi, 27 Machi

Nimegonga kioo, nikasoma. Mshale umetulia.

Jioni Zaina aliniuliza kama kesho itanyesha. Nilimwambia sijui. Tukachuchumaa mlangoni, tukawatazama sisimizi.