Baiskeli ya Baba Yako Haiuzwi

Flandria, Aprili

Mwanangu Wannes,

Natumaini baridi ya Kanada haijakushinda. Mnunuzi uliyemtuma alikuja. Nilimpa kahawa, akaondoka mikono mitupu.

Najua baba yako alifariki akiupanda mlima wetu kwa baiskeli hiyo, na hutaki kunizika mimi pia. Lakini nimeshusha kiti cha baiskeli, na kila asubuhi nafanya mazoezi hapo mlimani. Jana nilishusha mguu pale mawe ya barabara yanapoteleza. Jirani yetu Odiel akacheka mlangoni: "Godelieve, isukume tu, kama kigari cha mtoto!"

"Cheka leo, mzee. Kesho utanivulia kofia."

Leo nimefika juu bila kushusha mguu. Kofia aliivua. Nikamlilia baba yako hapohapo, kwa sauti.

Usitume mnunuzi mwingine. Nitumie glavu.

Mama yako,
Godelieve