Kwa Kaka Aliyeukalia Mkono Wake

Mpendwa kaka,

Nimeanza kutetemeka. Nakwambia mwanzo kabisa ili usidhani nimekuandikia ili nilie. Ni mkono wa kulia, na kilichoanza ni kidole gumba. Kinajisugua kwenye kidole cha shahada kama mtu anayepukuchua mahindi, vilevile chako kilivyoanza. Daktari wa hapa Kitale alinishika kiwiko akakikunja na kukikunjua, akaniambia nitembee hadi mlangoni nirudi. Kisha akataja Pakinsoni. Nikamwambia asijisumbue kunieleza, huo ugonjwa nimekaa nao meza moja.

Wafula wangu anataka nifunge duka. Amenipigia kutoka chuoni huko Bungoma: "Mama, wewe kuja tu ukae na mimi huku. Watu wasikuone hivyo." Ati wasinione! Miaka ishirini na mbili nashona sare za shule hapa Matisi, nusu ya watoto wa mtaa huu nimewapima mabega, leo nijifiche kama mwizi wa kuku? Nikamwambia hapana, tena kwa sauti ambayo jirani muuza viazi aligeuka kuangalia. Lakini nilipokata simu nikajikuta nimeukalia mkono. Kaka, niliukalia mkono wangu kama wewe! Nikaogopa, kisha nikakasirika, na hasira ilipokuja ilikuja na jina lako.

Kwa hiyo utanisikiliza. Ulipokuwa hai hukuruhusu mtu aseme neno juu ya jambo hili, ukisikia tu linakuja unaondoka kwenda kuangalia ng'ombe. Sasa huna pa kwenda.

Unakumbuka ulivyokuwa unafundisha maksai kulima, kule Sirisia? Watu walikuletea madume wakorofi kutoka mbali, na baada ya wiki tatu yanavuta jembe kwenye mstari ulionyooka. Mimi ndiye niliyekuwa natangulia mbele kuyaongoza kwa kamba, na wewe nyuma umeshika mikono ya jembe, unanipa mafundisho ambayo sikuomba. "Mwili ni maksai tu," ulikuwa unasema. "Akili ndiyo inashika jembe. Maksai hana la kusema." Nilikuamini. Ulikuwa kaka yangu mkubwa, na ulikuwa umeshanithibitishia kwa macho yangu.

Nilikuwa na miaka tisa siku uliyosimama mbele ya kisu. Nilipenya katikati ya miguu ya akina shangazi mpaka mbele. Ulikuwa umepakwa matope kutoka kichwani, baridi ya asubuhi ya Agosti, na macho umeyaelekeza juu ya paa la jirani. Ngariba alifanya kazi yake. Hukupepesa jicho. Hata kidole cha mguu hakikusogea, na mimi nilikuwa navitazama vidole vyako kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu nami. Firimbi ikalia, vigelegele vikapaa, Baba akatupa kofia yake na haikuonekana tena.

Siku chache baadaye nilikuletea uji pale ulipokuwa unauguza kidonda, nikakuuliza kama iliuma. Ukanijibu: "Iliumia mwili. Mimi sikuwepo."

Mimi sikuwepo! Kaka, maneno hayo niliyabeba kama dawa. Nilipokuwa namzaa Wafula niliyakumbuka, nikajaribu kwa nguvu zangu zote kutokuwepo. Wapi! Nilikuwepo mzima mzima, nilikuwepo hadi kwenye kucha. Nikafikiri labda ni mimi dhaifu. Sikuwahi kufikiri kwamba labda wewe ulinidanganya, au ulijidanganya mwenyewe kwanza.

Ndipo mkono wako ukaanza. Nilikuleta mwenyewe hospitali, na daktari, kijana mpole, akakwambia tatizo liko kwenye ubongo. Ulisimama kabla hajamaliza. "Ati mimi ni wazimu?" ukamwambia. "Mimi akili yangu iko sawa. Ni mkono tu umechoka na jembe." Ukaacha karatasi ya dawa mezani pake, ukatoka, na mimi nikabaki namwomba radhi mtoto wa watu. Ulikuwa radhi mkono uwe na kosa, mguu uwe na kosa, dunia nzima iwe na kosa, ili mradi yule mshika jembe wa kichwani mwako asiguswe.

Na watu wa kwetu, hawa nao! Mahali pengine mtu akitetemeka wanasema ni mgonjwa. Kwetu wanarudi nyuma kuuliza kama alitetemeka siku yake ya kisu. Nilisikia kwa masikio yangu sokoni Misikhu, nimeenda kununua vitambaa, wanaume wawili wamekaa kwenye magunia: "Si hata hiyo siku alitetemeka, bana. Wazee walifunika tu." Mmoja wao wala hakuwa amezaliwa. Nilimwendea. Nikamwambia mimi nilikuwepo, nilikuwa nimetazama vidole vya miguu yake, na kama ana ushahidi zaidi ya huo aulete hapa juu ya magunia. Akasema, "Mama, tunacheka tu." Hawakucheka tena siku hiyo, lakini maneno yalikuwa yameshafika kwako. Ukaacha kwenda mazishini. Ukaacha kanisa. Kwenye kikao cha ukoo ulikaa nyuma kabisa, na mkono umeukalia.

Mwaka wa Wafula ulipofika, walitaka kukuruka. Unajua wewe na mtu yeyote wa huko kwetu anajua: siku moja kabla ya kisu, kijana huenda kwa mjomba wake, khocha, ndugu ya mama. Khocha humchinjia, humvika shingoni ule ukanda wa nyama tunaouita lulubito, humpiga nao kifuani na kumwambia maneno makali ya kumtia chuma. Ukoo ulikaa ukaamua mtoto wa baba mdogo akushikie nafasi. Wakaniambia kwa upole kwamba si vizuri kijana avikwe na mkono unaotetemeka, atachukua woga.

Nikasema mwanangu ana khocha mmoja aliyezaliwa tumbo moja nami, na asipomvika yeye, basi kijana hatasimama mwaka huu, na wao wakaeleze kijiji sababu. Mzee mmoja akaniambia mwanamke haongei hivyo. Nikamwambia ndiyo kwanza nimeanza.

Siku yenyewe ulikwama. Nilikuwa nawe ndani. Ulifika mlangoni na miguu ikagoma pale kizingitini, kama imepigwa misumari. Jasho linakutoka, midomo inasema, "Twende, twende," unaiamrisha miguu yako kama ulivyoamrisha madume, na miguu haisikii. Wifi analia jikoni. Nje watu wamejaa. Ukanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani niliona umeogopa. Ukasema, "Dada, haisikii."

Kisha njuga zikaingia. Wafula na wenzake wamefika wakiimba, njuga mikononi, vumbi mpaka magotini, ule mdundo tuliozaliwa nao. Na miguu yako ikaondoka. Hukuiamrisha, niliona uso wako, ulishangaa kuliko mimi. Ilivuka kizingiti ikaenda na njuga, kulia, kushoto, kulia, mpaka katikati ya uwanja.

Ukasimama unasubiri nyama iletwe, mikono yote miwili inacheza, na nikawasikia nyuma yangu wanaguna. Nikataka kuwararua. Ndipo ukaunyoosha mkono kuipokea, na mkono ukatulia. Ukatulia tuli! Ukamvika mwanangu, ukampiga kifuani paa, akayumba. Ukamwambia, "Ukiona unaogopa, baki hapa hapa unioshee vyombo." Watu wakapiga kelele za furaha. Mwanangu kesho yake alisimama. Ulipoketi na kikombe cha pombe ya busaa mkono ulianza tena, pombe ikamwagika nusu, na hukujali. Siku hiyo peke yake hukuukalia.

Wote walisema akili imeushinda mwili. Nawe ukakubali, ukatingisha kichwa kama shujaa. Mimi nimelifikiria jambo hilo kwa miaka sita, kaka, kwenye cherehani mtu ana nafasi ya kufikiri, na nasema si kweli. Akili yako ndiyo iliyoshindwa pale mlangoni. Ilipiga kelele "twende" mpaka jasho likatoka. Kilichokutoa ni mguu uliosikia njuga. Daktari naye aliishia kuniambia mkono wa ugonjwa huu hutetemeka ukiwa umepumzika, ukipewa kazi mara nyingi hutulia. Hata mimi nimeona, nikishika mkasi unatulia. Sasa nani hapo ni maksai na nani anashika jembe? Na tena, wewe mwenyewe ulikuwa na lile dume jeusi lililojua mwisho wa shamba likageuka bila kuambiwa, ukalisifu kwa wageni. Ulijua maksai ana la kusema. Ulikataa tu kulikubali kwako.

Sijui mwili unaishia wapi na akili inaanzia wapi. Sijasoma hayo mambo. Waliosoma nao nasikia hawajamaliza kubishana. Ninachojua ni kwamba ulijigawa vipande viwili, kimoja ukakiita wewe, kingine ukakionea aibu, na kile cha aibu ukakinyima dawa, ukakinyima hata fimbo ya kutembelea. Ulianguka mlangoni, nyonga ikavunjika, ukalala mwezi mzima, kifua kikajaa, ukatuacha. Vidonge nilivyokununulia nilivikuta kwenye kopo la mbegu, vyote. Nilipiga lile kopo ukutani. Samahani, hapana, siombi samahani.

Na kwenye mazishi mhubiri akasimama akasema tusilie, kwamba mwili ni nguo tu, Mungu amekuvua nguo iliyochakaa. Watu wakasema amina. Mimi ni fundi, kaka. Najua nguo. Nimekata nguo, nimefumua nguo, nimechoma nguo kwa pasi. Nguo haioni haya. Nguo haisikii njuga ikaondoka yenyewe. Ile iliyokuwa sandukuni ilikuwa mikono iliyonibeba kuvuka mto, miguu iliyoniacha nyuma kwenye mbio na kurudi kunichukua. Nilisimama nikasema, "Mchungaji, huyo ni kaka yangu, si koti." Akina dada wa kanisa wakanivuta nikae. Baadaye mmoja aliniambia nilikufuru. Nilimwuliza mbona kila Jumapili tunasema tunangojea ufufuo wa mwili, tunangojea makoti? Hatujaongea vizuri tangu hapo.

Nakuandikia kwa mkono huohuo. Herufi zinazidi kuwa ndogo kadiri mstari unavyokwenda, nayo ni kazi ya ugonjwa, kwa hiyo itabidi usogee karibu. Vidonge vyangu navimeza saa nne asubuhi, hapa dukani, mbele ya wateja, na maji ya chupa. Wa kwanza kuuliza aliambiwa ukweli, na tangu hapo habari imezunguka Matisi yote bila nauli. Wateja wawili wamehama. Mmoja alisema ni mapepo, nikamwambia hayo mapepo yanaweza kushona marinda, ayajaribu. Siku zingine uzi unakataa kuingia kwenye sindano mpaka natukana. Siku zingine naogopa, tena sana. Woga wenyewe nausikia tumboni, kwa hiyo usiniambie hauko mwilini.

Leo asubuhi amekuja mwanamke sijawahi kumwona, analeta kitambaa cha arusi ya dada yake, kitambaa cha bei, cha rangi ya kitunguu. Nilikuwa nimeketi, na mkono ulikuwa pale juu ya meza, wazi, unapukuchua mahindi yake. Akautazama. Akatazama kitambaa. Nilihisi ule mkono unataka kurudi chini ya paja, kaka, naapa niliuhisi unaondoka. Nikauacha mezani.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya huruma, "Fundi, huo mkono unakusumbua?"

"Hausumbui mtu," nikamwambia. "Ni mimi ninayetetemeka. Simama wima nikupime."

Akasimama.

Lala sasa, kaka. Siuambii mwili wako peke yake, nakwambia wewe mzima.

Dada yako uliyemwacha na hasira,
Matisi, Kitale