Kovu la Shingoni

Alhamisi, mwezi wa saba. Upepo wa Ufipa umevuma tangu asubuhi. Mimi mtu wa Tabora niliyedhani najua baridi, nimeandika siku nzima huku vidole vimekufa ganzi.

Leo nimeona kitu ofisini ambacho sijui nikiiteje. Kimenikaa kifuani tangu saa nane mchana, na nisipokiandika hakitatoka.

Ofisini kwetu tuko wanne wa kupokea watu wenye shida za vyeti na barua. Bwana Melkiori ndiye karani mkuu. Hamisi anapiga chapa. Mzee Galus ni tarishi, na kwa kuwa amekanyaga kila kijiji cha huku, ndiye pia mkalimani wetu wa Kifipa. Mimi nashika rejista na majalada, na najivunia mwandiko wangu, Mungu anisamehe.

Bwana Melkiori ana sheria yake moja ambayo haimo katika kitabu chochote cha Serikali. Karani haruhusiwi kumwambia mtu "hakuna" peke yake. Akitafuta akakosa, sharti asimame aieleze shida ya yule mtu kwa sauti mbele ya wenzake wote, mwenyewe akiwa bado barazani, ndipo jibu litoke. Tangu nifike nimeiona sheria hiyo ni kupoteza muda. Hamisi anasimamisha mashine, Mzee Galus anaacha bahasha zake, sote tunasikiliza habari za mbuzi wa mtu tusiyemjua, na mara nyingi jibu linabaki lile lile.

Leo asubuhi niliiruka.

Alikuja mama mmoja kutoka Ilemba, amepanda mlima siku mbili. Alipiga magoti akapiga makofi polepole, kama akina mama wa huku wanavyosalimia, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye foleni nyuma yake. Mzee Galus akatafsiri. Mwanawe Sebastiano alikwenda kwenye migodi ya shaba, Rodeshia ya Kaskazini. Mavuno mawili yamepita bila habari. Wazee wa ukoo wameamua kwamba amekufa. Jumapili hii wanaondoa matanga, na mkewe atarudishwa kwao. Mama peke yake ndiye hajakubali. Alitaka tu kujua kama kuna barua yoyote.

Mzee Galus akaitwa na Bwana Mkubwa wa wilaya chumba cha pili. Nikapitisha kidole kwenye rejista tangu mwaka juzi. Sebastiano wa Ilemba hayumo.

"Hakuna, mama," nikasema, nikatikisa kichwa.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Alikaa kidogo pale sakafuni, akajifunga shuka lake vizuri, akaondoka.

Saa nane, wakati wa chai, Bwana Melkiori aliuliza yule mama wa Ilemba ameishia wapi. Nikasema nimeshamjibu. Akaweka kikombe chini, hakugomba.

"Simama useme," akaniambia.

Nikasimama, uso ukiniwaka, chini ya picha ya Mfalme, nikaeleza yote kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipofika kwenye neno Ilemba, Hamisi aliinua kichwa.

"Mbona kabla ya mvua kwisha nilipiga chapa jibu la barua ya Ilemba? Ile ya hospitali ya migodini, ya mtu aliyeangukiwa na mwamba akavunjika mguu."

Nikamwambia hiyo ilikuwa ya Alois Kapele. Naikumbuka kwa sababu jibu nililitunga mimi, na nililipenda sana. Hospitali iliandika kwamba Alois Kapele yuko kwao kitandani. Wiki ile ile Alois Kapele alikuwa mbele ya meza yangu kwa miguu yake miwili, anaomba cheti kipya cha safari kwa kuwa cha kwanza kimepotea. Kwa hiyo nikawajibu, kwa Kiingereza safi, kwamba Alois yuko nyumbani mzima, na mgonjwa wao ni mwongo asiye na ndugu huku.

Mzee Galus alikuwa anapuliza chai yake. Alisema bila haraka, "Alois na Sebastiano baba zao ni ndugu. Na cheti cha kijana hakipotei hivi hivi, bwana mdogo. Kinasafiri mfukoni mwa ndugu yake."



Nilikwenda kutoa jalada. Ile barua ya hospitali ilikuwa na mstari mmoja niliouruka zamani ile: mgonjwa ana kovu la moto shingoni, upande wa kushoto, na anaomba mama yake apewe habari.

Mzee Galus alikwisha kamata baiskeli ya ofisi. Alirudi baada ya saa nzima, anaisukuma, mama kando yake; alimkuta bado anapumzika sokoni. Bwana Melkiori alitukataza tusimwambie lolote. Alimuuliza jambo moja tu, kama mwanawe ana alama yoyote mwilini.

Mama hakujibu kwa mdomo. Aliinua mkono akagusa shingo yake mwenyewe, upande wa kushoto. Kisha akasema, na Mzee Galus akatafsiri kwa sauti ndogo, "Aliangukia moto nikipika uji wa ulezi. Niligeuka kidogo tu."

Nilishangaa mpaka nikasahau aibu yangu. Hamisi alikuwa na mguu uliovunjika, Mzee Galus alikuwa na ndugu wawili na cheti kimoja, mimi nilikuwa na kovu ndani ya jalada langu mwenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ana nini mpaka tuliposimama tukaambiana. Niliwaona wenzangu wale, na kofia zao kuukuu na vikombe vyao vya bati, nikawaheshimu kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha.

Halafu kazi ikaenda kasi. Hamisi alipiga chapa barua mbili. Moja ni ya jumbe wa Ilemba, matanga yasimame, na Mzee Galus ataipeleka mwenyewe. Ya pili ni ya hospitali, na itabebwa kesho na dereva wa lori la mjomba wake Hamisi linaloelekea mpakani. Habari ya cheti, alisema Bwana Melkiori, tutaifikia mtu akishapona.

Hatukumdanganya mama. Tulimwambia barua ina miezi minne, na ya leo hatuyajui. Tulimwambia kwamba wakati ule mwanawe alikuwa hai na alimtaja yeye.

Akalia. Kisha akapita meza kwa meza, anapiga magoti na makofi yake. Na kwangu pia.

Hajui.

Hajui kwamba mwanawe aliita na mimi ndiye niliyejibu hana ndugu. Usiku huu analala kwa Mzee Galus, na alfajiri wataanza kuteremka. Nitakuwa mlangoni kabla hajafunga mzigo wake. Nitapiga magoti mimi kwanza, niseme nilichoandika, na Mzee Galus atatafsiri bila kupunguza neno.