Samadi kwenye Mizabibu ya Bruda

Kihanga, Karagwe

Dada yangu Agata,

Kabla sijakuuliza hali, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: mizabibu ya Bruda niliiharibu mimi. Sasa niambie, hujambo? Kifua cha mama kimepona? Mpe shikamoo yangu. Mimi na kaka tu wazima, ila moyo wangu umechoka.

Unajua nilipomaliza shule nilikuja huku kwa kaka, naye akaniombea kazi ya kutunza mizabibu ya misheni. Bruda, mtawa anayelisimamia shamba hilo, ni Mwitaliano, mtu wa vilima vya Piemonte. Kila siku hunieleza habari za kwao: udongo mweupe wa chokaa, mteremko usiotuamisha maji, ukungu wakati wa kuchuma, kisha theluji inayoulaza mzabibu. Anasema mzabibu wenye njaa ndio utoao divai nzuri. Huku theluji hakuna, mvua huja mara mbili kwa mwaka, na mzabibu haulali kamwe. Kwa hiyo alitukataza kabisa kuutilia samadi.

Lakini Bibi Nyamwiza, Mnyambo ninayelima naye, mwenye kipande cha maharage katika shamba la misheni, alikuwa akinicheka. Watu wa huku huilisha migomba yao samadi na nyasi kama wanavyolisha watoto. "Mwana wa pwani," aliniambia, "mmea ukiushindisha njaa, nao utakushindisha njaa wewe." Nikaihurumia miti ile. Kila adhuhuri, Bruda akienda kusali, nilibeba kapu la samadi kutoka zizini kwa Bibi, nikaifukia mashinani.

Mizabibu ikatoa majani ya kuezekea nyumba. Zabibu zilikuwa chache, tena za majimaji, na mvua iliponyesha zikaoza zote. Bruda akaulaumu udongo wa Karagwe, akalaumu mawingu. Jana akachimba, akaiona samadi. Akamgeukia Bibi, akamwambia ahame shambani kabla ya Jumapili, na maharage yake bado machanga. Bibi alinitazama.

"Samadi ni ya ng'ombe wangu," akasema, basi.

Nami nilisimama pale, Dada. Miaka yote ile ya shule, na neno moja sikulipata! Leo nimefika mlangoni kwa Bruda mara mbili, nikarudi mara mbili. Huu ulimi wangu unanikera kuliko mvua.

Nisalimie shangazi mpika vitumbua, na mjomba fundi viatu.

Nilipoanza kuandika nilitaka unifichie siri hii. Lakini maneno haya nimeyanakili. Karatasi moja inakuja kwako na wapagazi wa Bukoba; nyingine nimeiweka ndani ya kitabu cha sala cha Bruda, naye atakifungua jioni hii. Basi sikuombi tena uifiche.

Ni mimi mdogo wako,
Roza