Unga wa Mtu Mmoja

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo, ila uchovu wa kazi.

Tangu tumzike mama, kila nikikuuliza kwa simu umekula nini, unasema mtandao unakatika. Barua haikatiki, Baba. Najua unakula mkate mkavu na chai, halafu kiungulia kinakufanya ukeshe.

Hapa kituoni ninapokanda wagonjwa migongo wanafuata Ayurveda, ile elimu ya kale ya Wahindi ya kumlisha mtu kulingana na mwili wake. Mpishi wetu anasema mwenye kiungulia ana moto mwingi tumboni, asiuchochee. Nikamwambia baba yangu anapenda pizza. Akacheka, akanipa njia.

Kanda unga wa ngano usiokobolewa kwa maji ya vuguvugu na samli kidogo, bila hamira. Nyanya zinachochea moto, kwa hiyo paka boga lililopondwa na giligilani na bizari ya manjano. Chemsha maziwa, yakamulie limau yagande, uchuje kwa kitambaa: hiyo ndiyo jibini yako. Juu iweke pamoja na karoti na mchicha vilivyopikwa, kisha uoke. Ule ikiwa moto, umekaa, huna hasira. Na isilale, chakula kilicholala hawakitaki.

Mwezi wa nne nakuja likizo. Tutaila pamoja.

Mwanao

16 Februari

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanaleta siasa. Wewe je, baridi ya huko imepungua?

Pizza bila nyanya, bila hamira! Mtu aliyeoka mikate ya bweni zima la shule mpaka akastaafu, leo anafundishwa kukanda na binti aliyekuwa akilamba vijiko vyake. Haya, nimekanda.

Tatizo ni mkono, haujui kidogo. Nikishika unga ni kama wanafunzi wako nje wanagonga sahani. Nimetoa pizza iliyojaa sinia, na wewe umesema isilale. Ikabidi nimwite fundi saa wa mlango wa pili. Akaigeuzageuza kama anatafuta betri, akasema, "Mzee mwenzangu, huu si ni mkate umevaa koti?" Akala mpaka makombo. Na kiungulia hakikuja.

Kiti chako nimekitoa chumbani nimekiweka mezani. Fundi saa hakikalii, yeye nampa stuli. Nakusubiri.

Baba yako

2 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo? Magoti yanaendeleaje?

Sijui nianzie wapi. Mwenzangu amejifungua kabla ya wakati wake na zamu zake nimepewa mimi. Likizo imesogezwa. Mwezi wa sita nakuja, hilo limeshapangwa. Nisamehe.

Nafurahi una mwenzio wa kula naye. Lakini punguza unga, Baba. Kikombe kimoja kinamtosha mtu mmoja.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Usijilaumu, kazi ni kazi. Mpe hongera mzazi.

Watoto wa fundi saa wamekuja kumchukua akaishi nao. Aliondoka anafuta machozi huku anawagombeza kwa kumbebea vibaya visanduku vyake. Mlango wake una kufuli sasa, na bado nikitoa pizza nachungulia huko.

Kupunguza sijaweza. Nusu inabaki, inalala, na asubuhi naila mgongo umeelekea dirisha kana kwamba wewe utaniona. Usimwambie mpishi.

Halafu, umeniandikia kanuni zote hizo. Wewe huko unakula na nani?

Baba yako

8 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Uliniuliza nakula na nani, nikakaa na barua yako muda mrefu. Nakula peke yangu, nimesimama, kwenye chumba cha mafuta ya kukandia, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Biskuti mara nyingi. Kiungulia unachokijua wewe ninacho na mimi. Chumbani kwangu nina jiko la sehemu moja na kiti kimoja, na hicho kiti nimeanikia nguo.

Likizo imekwama tena. Meneja amesema mwisho wa mwaka, tena amesema huku anatazama simu yake. Nikibishana, nafasi yangu ina watu mlangoni. Akija mzee kama wewe kitandani, namkanda taratibu kuliko inavyotakiwa, mpaka naitwa na mgonjwa anayefuata.

Nakukumbuka, Baba. Vibaya sana.

Mwanao

20 Julai

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Simu inaita tu haipokelewi. Niandikie hata mstari mmoja. Kama unaumwa sema. Kama umenikasirikia, sema pia.

Mwanao

3 Agosti

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Usitishike, mimi mzima wa afya. Simu niliisahau kwenye droo ikaishiwa chaji. Na hasira sina, ningekukasirikia kwa lipi? Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na habari njema.

Nimeweza. Kikombe kimoja, kama ulivyosema. Mwanzoni mkono ulikataa katakata, ikabidi debe la unga nilipandishe juu ya kabati, nikitaka kuongeza mpaka nipande stuli, na magoti haya unayajua. Sasa inatoka ndogo, ya duara, inakaa katikati ya sahani. Nakaa, nakula ikiwa moto, namaliza. Hakuna kinacholala. Kiungulia kimekwisha kabisa, mshukuru sana mpishi wenu.

Kiti chako nimekirudisha chumbani. Kilipokuwa mezani nilikuwa nakitazama kuliko chakula.

Na wewe toa hizo nguo kwenye kiti, ukae ule. Usile umesimama, mwanangu, hata kama ni biskuti.

Mwisho wa mwaka, ukipata ruhusa, niandikie mapema. Unga wa watu wawili itabidi nijifunze upya.

Baba yako