Sorana Hakumsaliti Mtu

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka dukani mikono inanuka wino wa fotokopi, nimekuta sebule imejaa tena. Kaka Denis na wenzake wawili wa pale anapochomelea mageti, pedi za gemu mikononi, ovaroli hawajavua. Na kelele. Wanamtukana Sorana. Kila siku Sorana. Kaka yangu ni mtu mzima mwenye ndevu, anamtukana mwanamke wa kwenye gemu kama vile kamwibia mahindi.

Niandike tu, maana humu ndani hakuna wa kunisikiliza. Gemu ya kwanza unamcheza Kapteni, mlinzi wa ngome. Hodari, mcheshi, kila mtu anampenda. Ya pili ukiianza unakuta wewe sasa ni mke wake, Sorana, na umeshatoroka. Alifungua geti dogo la nyuma akaenda zake. Maadui wakaingia kwa geti hilohilo, Kapteni akafa. Basi. Msaliti. Mitandaoni wanamtukana, na Songea nayo haitaki kupitwa.

Mimi nampenda. Nimeimaliza yote siku ambazo Denis yuko kazini. Shujaa ni yeye, watake wasitake.

Jumanne, 4 Juni

Nimesema hivyo mbele yao. Wamenicheka. Denis kaniita wakili. "Wakili, mteja wako kaua mume." Nikamwambia waliomuua ni wenye panga, yeye aliondoka tu. Wakacheka zaidi.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: Denis anaruka. Kile kipande cha hadithi kikianza, watu wanaongea, yeye anabonyeza kinapita. Anataka kupigana tu. Kiingereza chenyewe kinamchosha. Sasa mtu hajasikia hata neno moja alilosema Sorana, hukumu kaitoa wapi? Jamani!

Alhamisi, 6 Juni

Dada Yustina leo alikaa nasi sebuleni, ungo mapajani, anachambua maharage. Yustina anamfuata Denis kuzaliwa, mimi wa mwisho. Karudi nyumbani kutoka kwa mumewe kule Madaba mwanzoni mwa mavuno, na begi moja. Kwa nini, hajasema. Hatukumwuliza. Mama anasema ndoa ya kanisani si nguo ya kuazima. Baba anasema apumzike, atarudi.

Ukweli ni kwamba shemeji tunampenda wote. Haji mikono mitupu. Akiingia tu, shikamoo baba, shikamoo mama, hapohapo utani, Mama anashika mbavu.

Denis akaangusha pedi na kupiga kelele: mwanamke anayekimbia nyumba yake hana akili! Alimaanisha Sorana. Yustina kainuka na ungo wake, kaenda jikoni. Sijui kama Denis aliona. Nadhani hakuona.

Nimemchukia leo. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa Baba katangaza. Mshenga kapiga simu. Jumamosi wanakuja kumchukua Yustina. Hawaji kuuliza, wanakuja kumchukua. Mama kaanza kutafuta kuku wa wageni papo hapo. Yustina kasema "sawa". Neno moja.

Nimemfuata jikoni. Nimemwuliza hatimaye.

"Nani ataniamini, mdogo wangu? Mnampenda wote."

Kaendelea kusonga ugali.

Hasira zimenijaa hadi kichwa kinauma. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe hakuna aliyeiuliza. Na kwenye kikao mimi sina mdomo. Mdogo, tena sijaolewa. Nyumbani kwetu anayemsemea binti mbele ya wakwe ni kaka yake mkubwa. Yaani Denis! Mungu wangu. Maisha ya dada yangu yako kwenye mdomo wa mtu asiyesikiliza hadithi.

Jumatano, 12 Juni

Nimemtega. Nimemwambia atazame gemu ile vipande vyote bila kubonyeza, mimi namtafsiria. Akimaliza bado anamchukia Sorana, namfulia ovaroli mwezi mzima. Kakubali haraka, mvivu mkubwa.

Kuna kipande Sorana yuko chumbani, mlango umefungwa kwa nje. Kapteni anaingia na zawadi. Anatania. Sauti ileile, utani uleule wa gemu ya kwanza. Denis akacheka kidogo, kwa mazoea. Kisha Kapteni anamwambia anyooshe mkono. Sorana anaunyoosha upesi, kama mtu aliyezoea. Kinachofuata hatukioni. Tunakisikia.

Denis kauliza mbona kwenye ya kwanza haya hayakuwepo.

"Ya kwanza wewe ulikuwa Kapteni. Ulitaka akuonyeshe?"

Kaiweka pedi mezani. Halafu eti ni gemu tu. Kazima. Habari ya ovaroli hakuitaja, wala mimi.

Ijumaa, 14 Juni

Denis leo hakugusa gemu. Nimemwambia waziwazi: kesho usimsemee Yustina, mwulize. Mbele yao. Kanijibu nisimfundishe ukubwa. Haya!

Mama anapiga pasi kitenge cha Yustina cha kuondokea. Anaimba. Nimetoka nje nisije nikasema neno.

Jumamosi, 15 Juni

Wamekuja. Mshenga, shemeji, na baba yake mdogo. Shemeji kabeba mfuko wa mchele begani mwenyewe, kachekesha watu kabla hajakaa. Mama kacheka. Mimi nipo mlangoni na chupa ya chai, nimeikumbatia hadi kifua kinauma.

Mshenga kaongea vizuri, kazi anaijua. Vikombe vya kabati moja havikosi kugongana, na kadhalika. Baba anaitikia. Kisha Baba kamgeukia Denis, amalizie. Lilikuwa limebaki neno moja tu: mchukueni.

Denis kautazama mfuko wa mchele. Kajikuna ndevu. Nilidhani basi, tumekwisha.

"Yustina. Sisi hatujakuuliza. Kwa nini uliondoka?"

Mshenga akasema hayo ni ya chumbani, si ya kikao. Denis akasema ni ya kikao, aseme. Sijawahi kumsikia hivyo.

Yustina akasogea katikati. Alivua sweta. Baridi hii ya Juni sote tunashinda na masweta, nani angeshangaa lake? Makovu, mikono yote miwili. Mama akasema "Yesu wangu" akashika mdomo. Ndipo Yustina akaongea, taratibu, anatazama sakafu. Aliyoyasema siyaandiki. Ni yake.

Na shemeji, sikia, akaanza utani. Kweli kabisa. Eti mke wangu anajua kuigiza, angepelekwa kwenye tamthilia. Sauti ileile tuliyoipenda miaka yote. Hakuna aliyecheka. Alitazama uso mmoja mmoja, anatafuta wa kumchekea. Alipofika kwangu nilimkazia macho mpaka akainamisha yake.

Baba akasimama. Mzee wangu haongei sana.

"Mchele wenu chukueni."

Jumatatu, 17 Juni

Jana Mama hakwenda misa. Anaogopa maneno ya jumuiya. Hajanisemesha vizuri tangu siku ile, anahisi nina mkono wangu humo. Ninao.

Denis kaondoka kwenda kazini mapema. Kaniachia nusu ya chapati yake mezani.

Leo naingia dukani mchana. Nyumba imetulia. Yustina amelala hadi jua limefika dirishani kwake, hajawahi tangu arudi. Mama alikuwa anatoka na ndoo. Alipofika mlangoni kwa Yustina akavua kandambili, akapita peku.