Matanga ya Mama Sidra

Liège, 3 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Likasi? Kifua cha Baba kinaendeleaje? Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo nyingi. Serikali ya hapa Ubelgiji imekubali kupokea watoto kadhaa wagonjwa kutoka Gaza, na mmoja ameletwa kwenye wodi yangu. Anaitwa Sidra, ana miaka minane, amekatwa mguu. Amekuja na bibi yake, maana kila mtoto anaruhusiwa mtu mzima mmoja tu. Mama yake alibaki na kichanga.

Tumemtengenezea mguu mpya, mzuri kweli, lakini hataki hata kuugusa. Anasema atatembea siku mama yake akifika. Sasa ni wiki mbili simu ya mama yake haipatikani, na bibi analia mchana kutwa. Mwombeeni.

Mwanao,
Delphine

Likasi, 9 Septemba 2025

Mwanangu Delphine,

Sisi wazima. Kifua cha baba yako kimepoa, ameanza tena kubishana na redio.

Barua yako nimeisoma kwenye simu, nimeielewa. Mimi si mtoto. Kwetu msiba hautangazwi wazi kwa mtu aliye mbali: unaambiwa hali si nzuri, simu haipatikani, nawe mwenye akili unajifunga kitambaa kichwani. Niliwaambia akina mama wa parokia, na Mama Germaine akasema: «Mutoto yake iko kwa Delphine, basi ule mwanamuke ni muntu wetu. Tuikale matanga.»

Siku tatu tumekaa chini ya turubai hapa uani. Germaine alilia mpaka majirani wakadhani ni baba yako amekufa. Walikuja kunipa pole, na baba yako mwenyewe ndiye aliyewafungulia mlango! Padri Ruphin naye alikuja kusali nasi. Mpe bibi pole zetu.

Mama yako,
Marceline

Liège, 11 Septemba 2025

Mama!

Salamu baadaye. Mama Sidra hajafa! Niliandika simu haipatikani, na nilimaanisha simu haipatikani. Jana amepiga mwenyewe. Walihamishwa tena, na huko walikopelekwa hakuna umeme wa kuchajia.

Na kuna jingine: wizara imekubali ombi la hospitali, yeye na kichanga waje. Kilichobaki ni njia ya kutoka, na hiyo haiko mikononi mwa Ubelgiji peke yake. Naogopa kufurahi mapema. Tafadhali, vunjeni hayo matanga leo!

Mwanao,
Delphine

Likasi, 14 Septemba 2025

Mwanangu,

Tuko salama, isipokuwa mbavu zinauma kwa kucheka. Nilisoma barua yako mbele ya wote. Germaine akaruka: «Minye nililia mpaka sauti inaisha, kumbe iko muzima? Asante Mungu! Viti ya matanga visirudi!» Basi turubai likabaki. Tulipika bukari ya unga wa mahindi na samaki wa ziwa la Tshangalele, munkoyo ukamiminwa vikombeni, na baba yako akacheza rumba na kifua chake hichohicho.

Halafu tukamwandikia waziri wenu. Mama ishirini na saba tumetia sahihi, wengine dole gumba. Tumemwambia ameanza vizuri, sasa amalize. Umfikishie.

Mama yako,
Marceline

Liège, 2 Desemba 2025

Mama yangu,

Mmeamkaje wote? Mnisamehe kwa kunyamaza, sikutaka mkae matanga mengine. Mara mbili waliambiwa wanatoka, mara mbili wakarudishwa. Barua yenu niliipeleka wizarani, sijui kama waziri aliisoma.

Jana wamefika. Asubuhi Sidra aliomba mguu wake mwenyewe. Pale uwanja wa ndege alitembea hatua nne, akayumba, mama yake akamdaka, wote wanne wakaanguka chini pamoja na kichanga na bibi, wakilia na kucheka. Nami nililia, Mama, sikuona hata aibu.

Jioni nilimsimulia Mama Sidra habari za matanga, nikihofia atakasirika. Akauliza kupitia mkalimani: «Siku tatu?» Nikasema ndiyo, tatu. Akasema dada yake alizikwa upesiupesi na hakuna aliyepata nafasi ya kukaa hata saa moja. Kisha akacheka, akanishika mkono, akasema anataka majina ya wote waliomlilia ili awaombee mmoja mmoja. Niandikie haraka, anangoja.

Mwanao,
Delphine